Imani ya Mfanyakazi kwa Mkuu Wake

Twawaletea katika kurasa hizi somo ambalo asili yake ni suali. Suali lenyewe tuliulizwa Eldoret, katika darasa letu la baina ya Magharibi na Isha, na mtu mmoja ambaye ni msimamizi katika kiwanda cha nguo. Alisema: "Sheikh, watu walio chini yangu ni arubaini na wawili. Nikisema njooni, huja. Nikisema fanyeni, hufanya. Lakini nikiingia chumba cha chai, wote hunyamaza. Nina yakini kwamba hawaniamini. Nifanyeje?"

Tulimjibu upesi, kama ilivyo ada yetu sisi watu wa vilemba. Tukamwambia awe mpole, awaanze kwa salamu, awazuru wagonjwa wao. Akasema: "Hayo yote nayafanya, na bado hunyamaza." Tukaona haya kidogo, tukamuomba muhula wa wiki moja, na wiki hiyo tukaipitisha kwa kuuliza watu wa kazi mbalimbali na kuwasikiliza. Tuliyoyapata ndiyo haya.

Kwanza yafaa tuyatazame maneno yenyewe. Kiswahili chetu kilichota katika mzizi mmoja wa Kiarabu maneno ambayo twayatumia kila siku bila kukumbuka kuwa ni ndugu: imani, amana, amani na kuamini. Mtu humwamini yule ambaye amana yake ikikaa kwake hukaa salama, na kwa hiyo humwendea kwa moyo wa amani. Utii ni kitu kingine. Utii hupatikana kwa mshahara, na hupatikana kwa hofu, khasa katika mji ambao mtu akiachishwa kazi leo, kesho alfajiri wako kumi wanaongoja langoni kuishika nafasi yake. Msimamizi wetu alikuwa na utii wote wa watu arubaini na wawili, na alikosa kitu ambacho utii hauwezi kukileta. Kwani mashine ikianza kutoa mlio mbaya, fundi anayemwamini mkuu wake humwita pale pale; asiyemwamini huiacha ifike zamu ya mwenzake, ikatike mikononi mwa mwengine. Mkuu asiyeaminiwa huwa wa mwisho kupata khabari ya kila kitu katika mahali pake mwenyewe.

Msomaji ambaye hajafika Eldoret ajue kuwa ni mji wa juu na wa baridi, ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa pwani akifika mara ya kwanza hulala na mablanketi mawili. Ulianza mwaka 1910 kwa posta iliyowekwa katika shamba lililoandikwa nambari 64 katika ramani ya walowezi, na ndiyo sababu wazee wakauita Sitini na Nne. Reli ilifika 1924, na tarehe 15 Agosti 2024 mji ukapewa cheo cha jiji. Ni mji wa viwanda. Kiwanda cha Rivatex, kilichoanzishwa miaka ya sabini, kilianguka na kufungwa mwishoni mwa karne iliyopita, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na mwaka 2019 kikazinduliwa tena kikiwa na mashine mpya. Pana viwanda vya sufi na vya mbao, pana hospitali kuu ya rufaa, na Chuo chenyewe, kilichoasisiwa 1984. Kwa jumla ni mji ambao maelfu ya watu wake huhesabu siku kwa mwisho wa mwezi, na suali la msimamizi wetu ni suali la nyumba nyingi.

Basi wiki ile tulimuuliza mshonaji, na mlinzi wa usiku, na muuguzi, na mwalimu, na karani wa duka la pembejeo: "Nini kilikufanya umwamini mkuu wako, au nini kilikufanya uache kumwamini?" Twakiri kuwa tulitarajia kusikia khabari za maneno makali na maneno matamu. Hakuna aliyetaja hayo. Kila mmoja alitutajia jambo lililofanywa naye hayupo. Mmoja alisema mkuu wake alimtetea mbele ya wakubwa bila yeye kujua, akaja kusikia baada ya miezi. Mwengine alisema aliona daftari ambalo siku zake tatu za kazi zimeandikwa mbili. Hapo tukafahamu kwamba kosa letu la kwanza lilikuwa kumpa msimamizi dawa ya mambo yanayoonekana, na ugonjwa wake uko katika yasiyoonekana. Mfanyakazi huamini au hukanusha kwa mambo yaliyo nyuma ya mlango: mizani, daftari, faili lake, na maneno yanayosemwa juu yake katika mkutano asioalikwa.

Na katika yote yaliyo nyuma ya mlango, hakuna lililo kubwa kama makato ya mshahara. Tulitazame hili kwa urefu, kwa kuwa wengi katika wasomaji wetu ni waajiri, wa maduka, wa magari, wa mahoteli, na huenda wengine wakadhani kuwa ni jambo la serikali na makampuni makubwa tu.

Katika Kenya ya leo mfanyakazi wa mshahara hukatwa fedha kabla hajazigusa. Hukatwa kodi ya mapato. Tangu Oktoba 2024 hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kwa ajili ya bima ya afya ya jamii. Hukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri wake hutakiwa kuongeza asilimia 1.5 nyengine kutoka mfukoni mwake. Hukatwa ya hazina ya hifadhi ya jamii kwa ajili ya uzee wake, na hapo pia mwajiri hutoa fungu kama lile. Na wengi juu ya hayo hukatwa hisa na mkopo wa chama cha akiba. Mfanyakazi hupewa karatasi ambayo imeandikwa kila kato na kiasi chake. Karatasi hiyo yamwambia: fedha zako hizi tumezitwaa kwa jina lako, tumezipeleka mahali pake. Yeye hazioni zikienda. Kati ya mkono wa mwajiri na ile hazina pana njia ambayo yeye hapiti, na katika njia hiyo fedha ile si mali ya mwajiri hata kwa dakika moja. Ni amana kwa maana kamili ya neno.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imesema hivyo kwa lugha yake: mwajiri aliyekata fedha katika mshahara ni lazima azifikishe kwa mwenyewe katika muda uliowekwa, na asiyefanya hivyo ametenda kosa la jinai, laweza kumtia katika faini au kifungo au vyote viwili. Nasi twaongeza kwa lugha yetu kwamba mwenye kuitumia amana kwa haja zake, hata kama anuia kuirudisha, amekwisha kuivunja.

Mlinzi wa usiku tuliyemtaja alitusimulia khabari yake mwenyewe. Alikuwa akilinda ghala ya mtu mmoja ambaye hatutamtaja. Kila mwezi alikatwa ya bima. Mtoto wake akaugua usiku kifuani, akampeleka hospitali, karani akatazama katika kompyuta akamwambia: "Michango yako haikufika." Akatoa karatasi zake za mshahara, za miezi mitano, akaziweka mezani kama mtu aonyeshaye hati ya nyumba. Karani akasema kwa upole kuwa karatasi hizo hazilipi. Akakopa, mtoto akatibiwa, akapona. Asubuhi akarudi kazini kama kawaida, akamsalimia tajiri wake kama kawaida, wala hakusema neno. Tulimuuliza: "Mbona hukumwambia?" Akajibu: "Nimwambie nini, naye ndiye ajuaye?" Tajiri yule, bila shaka, hadi leo adhani kuwa ana mlinzi mtulivu na mwenye adabu.

Na jambo hili lina ukubwa wake pia. Mwaka 2024, kuanzia Septemba, wahadhiri na wafanyakazi wengine wa Chuo Kikuu cha Moi, ambacho makao yake makuu yako Kesses, kusini mwa Eldoret, waligoma, na mgomo wa wahadhiri ukaendelea hadi Desemba. Wanafunzi walirudi makwao, na muhula ukapotea. Miongoni mwa malalamiko yao makubwa ni kwamba fedha zilizokatwa katika mishahara yao kwa ajili ya pensheni na vyama vya akiba hazikufikishwa. Chuo kilikuwa kimeelemewa na madeni ya mabilioni ya shilingi, na fedha za serikali hazikutosha. Hatuandiki haya kumhukumu mtu. Wako waliopewa kazi hiyo. Twayaandika kwa sababu ya tafauti moja ambayo darasa letu lilijadili mpaka Isha ikachelewa. Mtu aweza kuvumilia kuambiwa: "Mwezi huu fedha hazipo." Wafanyakazi wa nchi hii wamevumilia hayo mara nyingi kuliko tuwezavyo kuhesabu. Lakini akiandikiwa kuwa fedha yake imetwaliwa kwa ajili ya uzee wake, kisha akapata kwamba haikufika, hapo kilichopungua hakihesabiki kwa shilingi, na hata deni likilipwa lote, kila karatasi atakayopewa baadaye ataisoma mara mbili.

Kuna kisa ambacho wengi wetu tulikisikia madrasa tukiwa wadogo, nacho kimepokewa katika Sahihi mbili, lakini twadhani hukisoma kwa haraka tukitazama muujiza tukaacha somo. Ni kisa cha watu watatu walioingia pangoni kwa mvua, jabali likawafungia mlango. Kila mmoja akamuomba Mola kwa amali yake iliyo safi kuliko zote. Wa kwanza alitaja wazazi wake, wa pili alitaja zina aliyoiacha. Wa tatu alikuwa mwajiri. Aliwaajiri watu, akawalipa wote, ila mmoja aliyeondoka akaacha ujira wake, ambao ni kipimo cha nafaka tu. Mwajiri angeweza kukiweka kipimo kile ghalani, na lau yule mtu angerudi akapewa nafaka yake, hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alikipanda, akakizalisha, hata ikapatikana ng'ombe na mchungaji wake. Baada ya muda mrefu mtu yule akarudi, akasema: mche Mwenyezi Mungu, nipe haki yangu. Akaambiwa: chukua wale ng'ombe na mchungaji wao. Akadhani anafanyiwa mzaha.

Tazameni dhana ya mfanyakazi yule. Alikuja akiwa amejitayarisha kudhulumiwa, na alipopewa zaidi ya haki yake hakuamini masikio yake. Na tazameni kuwa mwajiri yule alifanya yote yale miaka yote ile bila ya mtu kumwona. Hakuna aliyekuwa akimhesabia, wala hapakuwa na sheria ya 2007. Katika amali tatu zilizoondosha jabali, moja ilikuwa hesabu ya mshahara.

Tumefika mahali ambapo inatulazimu kusema khabari yetu wenyewe, na lau si kuogopa kuonekana twawahubiria watu yale tusiyoyafanya, tungeliiacha.

Miaka kadha iliyopita tulikuwa katika kamati ya madrasa moja, na sisi ndio tuliokuwa tukishika fedha. Palikuwa na mwalimu, kijana hodari wa tajwidi, ambaye mshahara wake ulikuwa mdogo na bado tukiuchelewesha. Mwezi mmoja ukawa miwili. Kila akiuliza tukimwambia asubiri, na tukimkumbusha ujira wa Akhera, jambo ambalo ni kweli, lakini tulilisema kwa sababu lilikuwa rahisi kuliko kulipa. Katika muda ule ule mikononi mwetu zilikuwamo fedha za watu wema zilizotolewa kwa ajili ya madrasa, nasi tukanunulia mazulia mapya ya msikiti, kwa kuwa wageni walikuwa waje na tulitaka wapaone pazuri. Mwalimu aliingia siku ya Alkhamisi akayaona mazulia. Hakusema kitu. Jumatatu hakuja, na watoto sitini wakakaa wakipiga kelele mpaka Adhuhuri.

Tukamwandama, tukamkuta akifunga mzigo wake kwenda Nakuru. Tukasema naye kwa ukali kidogo, tukamwambia kuwa mtu wa elimu hakimbii kwa ajili ya mshahara wa miezi miwili. Akatujibu maneno ambayo hatujayasahau: "Sheikh, lau ungeniambia kuwa fedha zitakwenda katika mazulia, ningeliudhika, lakini ningelikaa. Wewe uliniambia hazipo."

Hakurudi. Alilipwa haki yake yote, lakini hakurudi, na madrasa ile ilikaa mwaka mzima bila mwalimu wa kiwango chake. Tangu hapo kamati huandika mapato na matumizi ya kila mwezi katika karatasi moja na kuibandika ukutani karibu na viatu, mahali ambapo hata mpishi wa maulidi ataiona. Wako wazee waliosema kuwa ni aibu kuanika siri za nyumba ya Mungu. Sisi twaona aibu ilikuwa ile ya kwanza. Na enyi wanakamati wa madrasa za mwambao mnaosoma haya, twajua, kwa kuwa tumekaa nanyi, kwamba baadhi ya walimu wenu hulipwa chini ya mnavyomlipa anayewaoshea gari.

Turudi viwandani. Jambo la pili lililo nyuma ya mlango ni hukumu. Mfanyakazi akishitakiwa kuwa ameiba uzi au amelala katika zamu, wenzake wote hutazama, hata wale wasiompenda, kwani kila mmoja ajiona katika nafasi yake. Sheria ile ile ya 2007 yataka kwamba kabla ya kumwachisha mtu kwa kosa, mwajiri amweleze sababu katika lugha aifahamuyo, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama chake kwa chaguo lake, na asikilize majibu yao. Sisi hatuoni jambo geni hapo. Kila kadhi ajua kwamba hahukumu mpaka amsikie wa pili. La kustaajabisha ni namna lilivyo nadra. Siku hizi mtu huachishwa kazi kwa ujumbe wa simu, usiku, maneno kumi. Anayeutuma hudhani amemaliza jambo na mtu mmoja, na wale arubaini na mmoja waliobaki wameusoma ujumbe ule kabla ya jua kuchomoza, kwa kuwa simu hupita mkono kwa mkono.

Na Eldoret ina uzito wake katika mlango huu, ambao haifai kuunyamazia. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, damu ilimwagika katika mji huo na mashamba yake, majirani wakafukuzana, na watu walioshona nguo katika meza moja wakakimbiana. Wengi walirudi baadaye, wakakaa tena katika meza zile zile. Katika mahali kama hapo mkuu hutazamwa jicho kwa jicho: nani amepandishwa cheo, nani amepewa zamu ya mchana, ndugu wa nani ameajiriwa bila tangazo. Aweza kusema maneno mazuri ya umoja kila Ijumaa, lakini watu wataisoma orodha ya zamu. Msimamizi wetu alituambia kuwa yeye mwenyewe hugawa zamu za usiku "kwa busara yake." Tukamuuliza: "Je, busara hiyo imeandikwa mahali?" Akacheka, kisha akaacha kucheka.

La tatu ni lango lenyewe. Katika viwanda na majengo mengi wako manyapara ambao kibarua hapati siku ya kazi mpaka ampe kitu. Mkuu aliye afisini husema hajui, na huenda kweli hajui, lakini kibarua haamini kwamba hajui. Kwake yeye mkono unaopokea langoni ni mkono wa afisi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomtuma mtu kukusanya zaka, akarudi akisema hii ni yenu na hii nimezawadiwa mimi, alipanda mimbari akalikemea jambo hilo mbele ya watu wote, akauliza kama mtu huyo angeliketi nyumbani kwa wazazi wake zawadi hiyo ingelimfuata. Hakuliacha liwe shauri la faragha, kwa kuwa waliotoa walikuwa watu wa wazi, na imani iliyoharibiwa ilikuwa ya wazi.

Wala msomaji wa Mombasa asidhani kuwa haya ni maneno ya bara. Babu zetu waliyajua bandarini, ambako kazi ya kutwa iligawiwa na maserahangi, na mtu hakujua asubuhi kama jioni atakula. Tarehe 13 Januari 1947 watu wapatao 15,000 wa Mombasa, wa bandari, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani, waliacha kazi kwa muda wa siku kumi na mbili, wakikutana kila siku katika uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Mishahara haikuwiana na bei za vitu baada ya vita, wala na kodi za vyumba. Walirudi kazini kwa ahadi kwamba shauri lao litachunguzwa. Likachunguzwa, na nyongeza ikatolewa kwa baadhi yao; lakini mwezi wa Agosti mwaka ule ule kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa akapelekwa kuzuiliwa Kabarnet, katika Baringo, upande wa pili wa bonde la Kerio ukitoka Eldoret, akakaa huko miaka. Serikali ilitoa kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili ikamchukua yule ambaye watu walimwamini. Yeyote mwenye kutaka kujua kwa nini watu wa bandari hawakuziamini ahadi za baadaye, aanze hapo.

Mwezi wa Machi 1955 bandari iligoma tena. Aliyekuja kusema nao alikuwa kijana wa miaka 24, Tom Mboya, mtu wa bara, asiyekuwa na cheo cha serikali wala fedha ya kuwapa. Aliwaomba warudi kazini kabla ya kupata chochote, shauri lao likiwa lasikilizwa na baraza la usuluhishi, nao wakarudi. Baraza likatoa nyongeza ya asilimia 33. Huenda msomaji akasema kuwa walimwamini kwa ufasaha wake, na kweli alikuwa fasaha. Lakini maneno matupu walikuwa wamekwisha kuyasikia mengi. Huyu aliwaomba jambo gumu, nao wakalikubali kwa kuwa walimwamini.

Tuliposoma haya darasani, tajiri mmoja, mwenye maduka matatu, alisimama akasema kwa ukweli wake: "Sheikh, nikiwafungulia wafanyakazi hesabu zangu, wakiona mwezi mbaya watakimbia, na wakiona mwezi mzuri watataka nyongeza." Suali hili lina haki ya jibu. Hakuna aliyemtaka afungue hesabu zake zote. Faida yake na deni lake na benki ni lake. Twamtaka afungue hesabu zao: siku zao walizofanya kazi, saa zao za ziada, makato yao na stakabadhi ya kwamba yamefika. Hayo si siri yake hata aweze kuificha. Na akipatwa na mwezi mbaya, aseme tarehe 20, asingoje tarehe 30 wakiwa wamekwisha kuahidi kodi ya nyumba na ada ya skuli. Katika wale tuliowauliza, muuguzi ndiye aliyetuambia kuwa mkuu wake wa zamani alikuwa mkali sana, na aliwahi kuwaambia siku kumi mbele kwamba mshahara utachelewa na kwa sababu gani, na kuwa yeye pia hatapata wake. "Tulimkasirikia," alisema, "lakini hakuna aliyetafuta kazi kwengine."

Tajiri yule alikaa kitako, hatujui kama aliridhika.

Msimamizi wetu alirudi baada ya wiki tatu. Alikwenda afisi ya mishahara akaomba stakabadhi za makato ya watu wake arubaini na wawili, akazungushwa siku nne, akapewa. Akazibandika katika chumba cha chai, na pembeni yake akabandika orodha ya zamu za usiku kwa mwezi mzima, ikizunguka kwa herufi za majina na si kwa busara ya mtu. Siku ya kwanza walisoma wakiwa kimya. Siku ya pili mwanamke mmoja, mkongwe wa kazi, alimjia akamwambia kuwa mwezi wa Machi katika stakabadhi hizo haumo. Akatazama, akaona ni kweli, haumo. Akatuambia kuwa jambo la kwanza lililomjia ni kukasirika, la pili ni kuona kwamba katika miaka sita hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu wa chumba kile kumjia na kosa kwa hiari yake. Tulipoandika haya alikuwa bado aufuatilia ule mwezi wa Machi.